Si Kila Mzigo Ni Msalaba

Masomo: Luka 9:23; Yohana 10:17-18; Matendo ya Mitume 16:16-40; Wagalatia 6:2-5

  

Leo tunataka kusema juu ya msalaba. Si msalaba wa Golgota peke yake, bali hata ule ambao Yesu alisema kila anayetaka kumfuata ajitwike kila siku. Neno hili tunalitumia sana. Mume akiwa mlevi na mkorofi, watu wanasema, "Huo ni msalaba wa mke wake." Mtoto akiugua miaka mingi, wanasema ni msalaba wa mama yake. Upande mwingine kuko wanaofundisha kinyume kabisa: kwamba mtu aliyeokoka hana msalaba tena, kwamba ukiteseka kuna laana ya ukoo isiyovunjwa, au sadaka yako ilikuwa ndogo.

Basi Mkristo anayeteseka anashikwa katikati. Huku anaambiwa, "Vumilia tu." Kule anaambiwa, "Huna imani." Wote wawili wakishamaliza kusema wanakwenda zao, naye anabaki na mzigo wake. Ndiyo sababu tufungue Biblia tuulize: Msalaba ni nini? Na ni nini ambacho si msalaba, hata kama kinauma?

Maswali mawili ya mama mbeba mizigo

Hapa Bukavu tunawaona kila asubuhi akina mama wanaobeba mizigo kutoka bandarini kupanda hadi soko la Kadutu. Kamba imepita juu ya kipaji cha uso, mgongo umeinama, macho yanatazama chini. Hatusemi kazi hiyo ni nzuri, wala kwamba malipo yake yanatosha. Lakini tunajifunza kitu kwao. Mama kama huyo hajitwiki tu kiloba chochote kilichowekwa mbele yake. Anauliza kwanza, "Ni cha nani? Kinaenda wapi?" Akishajibiwa, anainama, mwenzake anamsaidia kukiinua, naye anaanza kupanda. Haogopi uzito. Lakini hakubali kubeba asichokijua.

Wandugu, maswali hayo mawili yanatosha kutuongoza leo. Kila mara mzigo unapowekwa mgongoni petu na mtu akatuambia ni msalaba, tuulize: Ni wa nani? Unaenda wapi?

Mzigo huu ni wa nani?

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, anawaandikia Wakristo waliokuwa wanateswa kwa ajili ya imani. Anawatia moyo sana. Lakini katika mstari wa 15 anaweka mpaka: asiwepo kati yao mtu anayeteswa kwa sababu ya wizi, uuaji au kuingilia mambo ya wengine. Maana yake, mtu akila franga za chama cha akina mama, kisha akakamatwa, asije kanisani kusema shetani anampiga vita. Huo si msalaba. Ni matunda ya tendo lake. Dawa yake ni kutubu na kurudisha alichochukua.

Kuko mzigo mwingine, ule ambao watu waovu wanawabebesha wenzao. Mama anayepigwa nyumbani. Kijana aliyenyang'anywa shamba la baba yake. Mfanyakazi aliyefanya kazi miezi mingi bila kulipwa. Msichana aliyeharibiwa na mtu mwenye nguvu, kisha familia ikapokea mbuzi wawili ili mambo yaishe kimya. Mizigo hiyo ni ya nani? Ni ya yule aliyetenda dhambi. Mungu hakuitengeneza, wala Yesu hakuomba ibebwe kama sadaka kwake.

Twende Filipi tukaone. Paulo na Sila walipigwa fimbo mbele ya watu bila hukumu, wakatupwa gerezani, miguu yao ikabanwa. Usiku wa manane walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu. Sehemu hiyo tunaipenda, na tunaihubiri kila mkesha. Lakini mara nyingi tunafunga Biblia kabla ya asubuhi kufika. Asubuhi wakubwa wa mji walituma neno kwamba wafungwa wale waachiliwe waende. Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Roma, nao wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa. Haiwezekani sasa watolewe kwa siri. Wakubwa wenyewe waje wawatoe. Nao wakaja.

Je, Paulo alikuwa amepoteza unyenyekevu alfajiri ile? Hapana. Tukumbuke alikuwa anaacha nyuma kanisa changa: Lidia na watu wa nyumba yake, mlinzi wa gereza na jamaa yake. Mji ulipojua kwamba Wakristo hawapigwi ovyo bila mtu kuulizwa, wale waliobaki walipata kinga. Usiku Paulo alisifu, asubuhi akadai haki. Kinywa ni kilekile, na Roho aliyemwongoza ni yuleyule.

Kwa hiyo, mama unayepigwa, sikia sauti yetu. Kumwambia mchungaji, kuwaambia wazee wa ukoo, kwenda kwa dada yako na watoto, kufika mbele ya sheria, hayo yote si kuukimbia msalaba. Na sisi tunaoketi kusikiliza mashauri ya ndoa, tusimrudishe mtu kwenye fimbo kwa kutumia jina la Yesu. Katika Matayo 23:4 Bwana alisema wazi juu ya viongozi wanaofunga mizigo mizito na kuwawekea watu mabegani, na wao wenyewe hawagusi hata kwa kidole.

Nanyi mliokimbia vita, godoro kichwani na mtoto mkononi, msikubali mtu awaambie kwamba mngekuwa na imani mngebaki. Yosefu alimchukua mtoto Yesu na mama yake usiku akakimbilia Misri. Paulo aliteremshwa ukutani Damasko ndani ya kikapu. Bwana mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wake, wakifukuzwa katika mji huu, wakimbilie mwingine. Kukimbia ili kuokoa maisha si dhambi.

Tuseme neno pia juu ya sadaka. Tunapenda kuhubiri senti mbili za yule mjane wa Marko 12. Lakini tusome pia mstari wa 40, kabla hajatajwa. Hapo Yesu anawaonya watu juu ya walimu wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakirefusha sala zao. Mjane yule hakusukumwa na mtu. Hakuna aliyemwahidi nyumba ya matofali. Alitoa kwa sababu alimpenda Mungu. Mtu anayemwambia mama auze sufuria zake alete "mbegu" ili mtoto wake apone, huyo hamfundishi kujitoa. Anamwongezea mzigo juu ya mzigo. Kweli, Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu. Lakini gharama ile aliichagua yeye mwenyewe, kwa moyo wake, mbele za Mungu wake.

Je, aliyeokoka hateseki?

Sasa tuwajibu wale wa upande mwingine. Someni Matendo ya Mitume sura ya 12. Herode alimkamata Yakobo, akamuua kwa upanga. Kisha akamkamata Petro, na malaika akaja usiku kumtoa gerezani. Mitume hao wawili walimpenda Bwana yuleyule, nalo kanisa lilikuwa lilelile. Mmoja alikufa, mwingine akatoka. Nani atasema Yakobo alikuwa na laana ya ukoo? Waebrania sura ya 11 inafanya vilevile: inahesabu waliofunga vinywa vya simba na walioepuka upanga, kisha bila kubadili pumzi inahesabu waliopigwa mawe na waliouawa kwa upanga. Wote wanasifiwa kwa imani ileile.

Na wanafunzi walipomwona kipofu wa kuzaliwa, wakauliza nani alifanya dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu alikataa swali lenyewe. Basi ukimtembelea mgonjwa, usianze kupekua dhambi za babu yake. Mletee uji. Omba naye. Na dawa alizopewa hospitalini, mwache aendelee kuzinywa.

Unaenda wapi?

Sasa tumefika kwenye msalaba wenyewe. Katika Yohana 10, Yesu anasema hakuna anayemwondolea uhai wake. Anautoa yeye mwenyewe, kwa kupenda. Judasi alimuuza, Pilato alimhukumu, askari walimpigilia misumari. Dhambi hizo zilikuwa zao, na Biblia haizifichi. Lakini ndani ya uovu huo, yeye alijitoa. Na kujitoa kwake kulikuwa na mahali kunakoelekea: sisi. Alibeba ili sisi tutuliwe.

Wandugu, hapa ndipo tunapoutambua msalaba. Msalaba unamtua mwingine mzigo. Mateso yasiyomtua mtu yeyote, yanayomfurahisha mwovu tu na kuwaharibu watoto wanaotazama, hayo si msalaba. Lakini pale ambapo mtu, kwa kumpenda Kristo, anakubali hasara, uchovu, dharau au hatari ili mwingine apumue, hapo tunaona nyayo za Yesu.

Tuna mfano karibu nasi. Daktari Denis Mukwege alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1955, baba yake akiwa mchungaji wa kipentekoste. Alifanya kazi katika hospitali ya Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, na watu zaidi ya 30 wakauawa, wagonjwa wakiwa vitandani mwao. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, iliyo chini ya jumuiya ya kipentekoste ya CEPAC. Alitaka hasa kuwasaidia akina mama wanaojifungua. Lakini walioanza kufika walikuwa akina mama na wasichana waliobakwa na kuumizwa vibaya katika vita. Akawatibu, mmoja baada ya mwingine, maelfu kwa maelfu. Akasimama pia mbele ya mataifa kusema wanaofanya uovu huo wahukumiwe.

Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Yeye aliponea chupuchupu, lakini mlinzi wake aliuawa. Akakimbilia ng'ambo pamoja na familia yake, na hakuna mwenye akili aliyemlaumu. Hapo ndipo akina mama wa kisiwa cha Idjwi, wengi wao hawapati hata dola moja kwa siku, walianza kuuza matunda na mboga ili kukusanya franga za tiketi yake ya ndege. Tarehe 14 Januari 2013 alirudi, na watu wakajaa barabarani kumpokea. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Tunamtaja si kwa sababu ya tuzo. Tuangalie mizigo ilivyobebwa. Daktari huyu hakuwaambia wale akina mama, "Hayo yaliyowapata ni msalaba wenu." Aliyaita uovu, na bado anayaita uovu. Yeye ndiye aliyejitwika kitu ili wao watuliwe. Angeweza kubaki Ulaya salama. Hakuna sheria iliyomrudisha. Nao akina mama wa Idjwi, hakuna aliyewalazimisha kuuza mananasi yao kwa ajili ya mtu mwingine. Huo ndio msalaba: umechukuliwa kwa hiari, kwa upendo, na kuna mtu mwishoni mwa safari anayetuliwa.

Msalaba wa kila siku

Luka anaandika "kila siku". Wengi wetu hatutaitwa kusimama mbele ya mataifa. Msalaba wetu unakuja asubuhi, mdogo mdogo, tena bila kupigiwa makofi.

Tunajua nyumba za vyumba viwili katika mji huu ambamo familia moja imewapokea watu wa familia nyingine waliokimbia. Mwezi wa kwanza ilikuwa furaha ya kusaidia. Sasa ni mwezi wa nane. Makala yanaisha kabla ya sombe kuiva. Watoto wanagombana juu ya godoro. Baba mwenye nyumba anarudi na franga zilezile, na midomo imeongezeka. Usiku anajiuliza: Mpaka lini? Ndugu, Mungu anakuona. Kuchoka kwako si ukosefu wa imani. Kila sahani unayoigawa inamtua mtu mzigo, na Yesu alisema, katika Matayo 25, kwamba aliyempokea mgeni alimpokea yeye.

Msalaba wa kila siku ni wa mwalimu anayeingia darasani ingawa malipo yamechelewa, na hauzi pointi kwa wanafunzi. Ni wa mfanyabiashara anayeuza unga kwa kipimo kilichojaa wakati jirani yake amekunja kopo. Ni wa kijana anayekataa bunduki na franga za haraka, hata akichekwa na wenzake. Ni wa muuguzi anayemgusa mgonjwa ambaye hana kitu cha kutoa. Ni wa mtu aliyesemwa vibaya naye hakulipa ubaya. Hao wote wamepoteza kitu, na kwa ajili yao kuko mtu amepona, amesoma au amekula.

Mzigo tusiouchagua

Tena kuko swali moja linabaki. Vipi mizigo ambayo hatukuichagua, wala hatuwezi kuitua leo? Ugonjwa usiopona. Mtoto aliyekufa. Vita visivyoisha.

Kumbukeni Simoni wa Kirene. Alikuwa anatoka shamba tu, akapita njiani, askari wakamlazimisha kuubeba msalaba wa Yesu. Askari walifanya ubaya. Lakini Simoni, chini ya mti ule mzito, alijikuta anatembea na Mwana wa Mungu. Na Marko anawataja wanawe, Alekizanda na Rufo, kama watu wanaojulikana na kanisa. Hatusemi Mungu alimtumia yule askari mwovu ili kumbariki Simoni. Tunasema tu kwamba hakuna njia ya mateso ambayo Yesu hajaipita, na ukimtafuta humo utamkuta.

Kwa hiyo tusiogope kulia. Waebrania 5:7 inasema Yesu mwenyewe aliomba kwa kilio kikuu na machozi. Kama Bwana alilia, kwa nini sisi tumkataze mjane kulia kwenye matanga tukimwambia Mkristo hulia siku moja tu? Machozi mbele za Mungu ni maombi.

Tusaidiane kuinua

Mama yule wa bandarini hawezi kujitwika peke yake. Lazima mwenzake ainue. Paulo, katika Wagalatia 6, anasema tuchukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu ana furushi lake. Yote ni kweli. Kuko furushi langu ambalo hutanibebea. Lakini utaniinulia.

Basi juma hili tufanye hivi. Kila kikundi cha maombi kitafute nyumba moja iliyopokea wageni, kiipelekee unga, makala, au bidoni za maji. Mashemasi waulize kimya kimya kama kuna mama kati yetu anayepigwa, wasimwache peke yake. Na kila mmoja wetu, mbele za Mungu, aulize juu ya mzigo alio nao: Ni wa nani? Unaenda wapi? Kama ni dhambi yako, tubu uutue. Kama ni uovu wa mwingine, sema, usimame, utafute msaada. Kama ni mzigo usioweza kuutua, shika mkono wa Yesu. Na kama ni msalaba, ule wa kumpenda mtu mpaka uchoke, inama, jitwike, tupande pamoja. Yeye aliyetangulia alifika juu ya mlima, na siku ya tatu kaburi lilikuwa tupu.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa Mwanao aliyetubebea. Watue wale waliobebeshwa mizigo ya wengine. Watie nguvu wanaobeba kwa upendo na wamechoka. Utupe macho ya kutofautisha, na mikono ya kuinua. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.